Mzee Gideoni, Mtani Wake, na Mashabiki Waliotoka Nje

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka Mzee Gideoni Ndahani, mpiga zeze, mtunzi na mwimbaji, mtoto wa Kongwa, aliyezikwa Jumamosi iliyopita. Narudia jina: Mzee Gideoni Ndahani. Si "Lejendi G" kama mlivyomwandika kwenye fulana zenu.

Mimi ni Generosa, na mnanijua kwa upole. Leo mtanivumilia. Tangu Jumapili nasoma salamu zenu za rambirambi, zile zenye mishumaa na mikono iliyokunjwa, na nimechoka nazo. Wengi wenu nawatambua kwa majina. Ndio nyie mliokesha mkibishana nani mkubwa, Gideoni au Mwanne. Kazi nzito kweli mlikuwa nayo.

Tuanze na mwenyewe, maana yeye hakuwakosea chochote.

Gideoni alizaliwa kijijini, nje kidogo ya Kongwa, katika nyumba ya tembe. Alichunga mbuzi wa baba yake. Zeze lake la kwanza alilitengeneza kwa kibuyu cha maziwa cha mama yake, na wala kibuyu hakikuwa kibovu. Mama alikitafuta nyumba nzima, mpaka akakisikia kinalia nyuma ya zizi. Mama Anyesi, mjane wa marehemu, alinisimulia hivi: "Mama mkwe alisema alimpiga mpaka mkono ukamchoka, na mtoto hakukiachia. Basi akaenda kukama kwenye sufuria."

Akakua, akaja Dodoma mjini, akafanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu. Siku za mnada alibeba zeze lake akaenda kuimba. Pale penye vumbi, ng'ombe wanalia, madalali wanapaza sauti, Gideoni alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akaimba habari za ukame, wakwe na mbuzi. Watu walisahau nyama kwenye makaa ikaungua.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndipo penye msiba wote. Gideoni hakuwahi kuimba peke yake. Yeye aliita, watu wakaitikia. Wimbo usioitikiwa, kwake ulikuwa haujaimbwa. Narudia kwa wale wenye simu mkononi: wimbo usioitikiwa, kwake ulikuwa haujaimbwa.

Huyo ndiye Gideoni. Mwingine ni Bi Mwanne Swalihu, ambaye Mungu amempa uzima na anatusikiliza. Bi Mwanne ni mwenyeji wa hapa mjini, Mnyamwezi kwa asili. Babu zake walikuja na misafara wakibeba mizigo, wakapanga nyumba, wakaoa, wakabaki. Ameimba kwenye bendi, ameimba kwenye harusi, na nyimbo zake zote ametunga mwenyewe.

Walikutana harusini, wote vijana. Gideoni alipopanda jukwaani na zeze lake, Mwanne akashika kipaza sauti akauliza, "Nani amemruhusu Mgogo huyu aingie na kigingi cha kufungia mbuzi?" Gideoni akamjibu palepale, "Nyamaza wewe. Babu zako walibeba mizigo mpaka wakasahau njia ya kurudi kwao." Ukumbi mzima ukacheka. Bwana harusi alicheka mpaka akavua koti.

Mnaona? Wale watu walicheka kwa sababu walikuwa wamelelewa. Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Mtani anakutukana mchana kweupe, nawe hukasiriki, unatafuta tusi zuri zaidi. Na ukifa, mtani ndiye anayefika msibani kabla ya shemeji zako, akamdhihaki marehemu mbele ya jeneza, ili wafiwa wapumue. Hilo kila mtoto wa Dodoma alilijua. Nasema alilijua.

Basi mwaka huu likatangazwa tamasha, wakongwe wawili jukwaa moja, Jumapili alasiri, katika ukumbi mmoja wa hapa mjini. Tangazo lilikuwa na picha zao mbili, saizi moja. Mnaweza kudhani watu walifurahi.

Walianza na picha. Kwa nini Mwanne yuko kulia? Kisha majina. Kwa nini Gideoni ameandikwa juu? Kisha ikawa nani atafunga shughuli, maana eti anayeimba mwisho ndiye mkubwa. Wakabishana saluni, wakabishana kwenye vijiwe vya kahawa, wakabishana kwenye makundi ya simu mpaka betri zikaisha. Timu Mwanne wakasema Gideoni ni wa mnadani, anapiga kamba za kufungia ng'ombe. Timu Gideoni wakasema Mwanne ni wa harusi, bila keki haimbi. Niliwauliza baadhi yao wanitajie nyimbo za huyo wanayemtetea. Mmoja alinitajia wimbo wa mtu wa Tanga.

Kinara wa Timu Gideoni alikuwa kijana wa Ipagala, hapahapa mjini, anayeitwa Luka. Namtaja kwa sababu mwenyewe anapenda kutajwa. Luka ana kundi la simu, ana fulana, ana msemo wake. Alichokuwa hana ni masikio.

Kisha Bi Mwanne akahojiwa redioni. Akaulizwa anajisikiaje kupanda jukwaa moja na Mzee Gideoni. Akasema, na nanukuu: "Yule mzee nimemwonea huruma tu. Sauti yake imekwisha, kazi aliyobakiza ni kufukuza kunguru shambani. Nitaimba mimi, yeye anishikie mkoba."

Mama yangu wee. Kipande kile kikakatwa kikasambazwa. Luka akatokwa na povu. Bi Mwanne kamdhalilisha mzee wetu. Bi Mwanne hana adabu. Bifu limeanza. Timu Mwanne nao, badala ya kusema jamani huu ni utani, wakavimba vichwa kama wameshinda vita. Hakuna hata mmoja, pande zote mbili, aliyemuuliza bibi yake.

Na Gideoni mwenyewe je? Mama Anyesi anasema walikuwa wamekaa uani wakichambua mboga, redio ipo juu ya dirisha. "Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikaogopa. Akampigia simu. Akamwambia, Mnyamwezi wangu, umesahau kuwaambia kwamba hata meno sina."

Lakini wasikilizaji wapendwa, ndani ya tusi lile kulikuwa na ukweli. Sauti ya Mzee Gideoni ilikuwa imekwisha kweli. Alikuwa mgonjwa wa koo. Madaktari walishamwambia, na mkewe alijua, na binti yake Loisi alijua, na Bi Mwanne alijua. Nyie hamkujua, kwa sababu mlikuwa mnamtetea.

Alikuwa ametunga wimbo wa mwisho, na hakuwa na koo la kuuimba. Akamwita Bi Mwanne nyumbani. Mkewe akashangaa, akamwambia Loisi yupo, kwa nini usimpe mwanao? Mzee akasema, "Mtani ndiye atakayenizika. Aanze mapema."

Bi Mwanne akaja na khanga zake, akaketi mkekani, akafundishwa. Alipokosea aliitwa mpagazi. Alipopatia aliitwa mpagazi. Wimbo ulikuwa mfupi. Mwimbaji anaita: "Mbuzi wamerudi bila mchungaji, nani atafunga zizi?" Watu wanaitikia. Mzee alichotaka ni kitu kimoja tu, kuusikia ukiitikiwa na watu wake wa Kongwa na wa mjini, wale aliowaimbia maisha yake yote, kabla hajafumba macho. Basi. Hakutaka kufunga shughuli wala jina kuandikwa juu.

Luka alikuwa na mipango yake. Akatoa amri kwenye kundi: Mwanne akipanda, sisi tunatoka. Akishuka, tunarudi. Tumwoneshe.

Ikafika Jumapili. Ukumbi ulijaa. Watu wa Kongwa walikuja na basi la kukodi, na wengine walitoka Chamwino. Mshereheshaji akatangaza, "Bi Mwanne Swalihu." Na palepale Timu Gideoni ikasimama, nusu ya ukumbi, watu wa basi la Kongwa wakiwemo, simu juu, wakijipiga video wanavyotoka kwa madaha. Nje kulikuwa na mishikaki. Wakala.

Ndani, Bi Mwanne hakuimba wimbo wake hata mmoja. Alitoka nyuma ya pazia amemshika Mzee Gideoni mkono, akamkalisha kwenye kigoda na zeze lake. Akasema, "Nimewaletea huyu mzee, nimemwokota njiani." Zeze likalia. Akaanza kuimba nyimbo za Gideoni, moja baada ya nyingine, zile za mnadani.

Loisi alipoona viti vitupu akakimbia nje. Alimkuta Luka na mshikaki mkononi. Maneno haya amenipa mwenyewe.

"Luka, ingieni ndani. Zinaimbwa nyimbo za baba. Na kuna mpya."

"Baba yako anaimba?"

"Anaimbiwa. Anapiga zeze. Ingieni mumwitikie, anawatafuta kwa macho."

"Dada Loisi, tumekubaliana. Huyo mama akishuka, tutaingia."

"Kwa ajili ya baba, Luka."

"Ni kwa ajili yake ndio maana tupo hapa."

Akageuka, akaomba aongezewe pilipili.

Msidhani nawasahau Timu Mwanne. Nyie mlibaki ndani, na heri mngetoka. Mlikuja kusikia nyimbo za harusi, mkaletewa nyimbo za mbuzi, mkabinua midomo, mkakunja mikono. Bi Mwanne alipofika kwenye wimbo mpya aliwafundisha kiitikio mara mbili kwa upole, na mkamtazama tu. Kisha akaita: "Mbuzi wamerudi bila mchungaji, nani atafunga zizi?"

Kimya.

Akaita tena. Kimya. Feni za ukumbi ndizo zilizosikika.

Hapo Mzee Gideoni, pale kwenye kigoda, na koo lile bovu, akainua kichwa akaitikia mwenyewe. "Tupo. Tutafunga." Loisi, aliyekuwa bado mlangoni, anasema sauti ilitoka kama mlango unaokwaruza. Bi Mwanne akaita, mzee akaitikia. Akaita, akaitikia. Wimbo wa watu mia, wakauimba wazee wawili mpaka mwisho.

Bi Mwanne aliposhuka, mashujaa wakarudi. Wakapiga miluzi, wakapiga makofi, wakaita Lejendi, Lejendi. Mzee alikuwa ameshatia zeze kwenye mfuko wake. Akasimama, akawapungia mkono, akasema taratibu, "Asanteni kwa kuja, wanangu. Nimeshaimba." Ndipo Luka akaandika kwenye kundi usiku ule kwamba Mwanne amemhujumu mzee asiimbe.

Wiki chache baadaye Mzee Gideoni akafariki, nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni.

Mazishi yalikuwa kijijini kwao. Luka alikuja, nyuma yake kundi zima, fulana mpya zenye picha ya marehemu. Walisalimia wazee shikamoo bila kuwatazama, wakatafuta mahali penye mwanga mzuri.

Bi Mwanne alifika akiwa amevaa kofia ya marehemu. Akatembea mbele ya jeneza kwa mwendo wake, ule wa kuburuta mguu. Akakohoa kama yeye. Akapiga jeneza kwa kiganja akasema, "Amka, mvivu wewe, umelala mchana watu wako shambani. Nani atanitukana sasa?" Mama Anyesi, ambaye tangu msiba uanze hakuwa ametia kitu mdomoni, akacheka. Alicheka, machozi yakamtoka, akaomba maji ya kunywa.

Luka akapiga hatua kwenda kumvua Bi Mwanne kofia. Mzee mmoja akamshika mkono. "Mwache. Ni mtani wake."

Luka akauliza, "Mtani ndio nini?"

Kijana mzima wa Dodoma huyo, wasikilizaji wapendwa. Mtetezi wa Mzee Gideoni.

Jeneza liliposhushwa Bi Mwanne akaita wimbo. "Mbuzi wamerudi bila mchungaji, nani atafunga zizi?" Mama Anyesi na Loisi wakaitikia, na wazee wachache waliokuwa wamefundishwa msibani. Fulana zote zile zikasimama hazina la kusema. Midomo ilikuwa inatafuta neno, na neno hawakuwa nalo.

Baadaye Luka akamfuata Loisi, safari hii kwa adabu. "Dada Loisi, pole sana. Ule wimbo wa mwisho wa mzee, hakuna aliyeurekodi? Tunataka tuuweke kwenye kundi, watu wausikie kwa sauti yake."

Loisi akamtazama. "Si wewe uliyekuwa na simu?"

Ndiyo. Walikuwa nazo zote. Nimeangalia video za siku ile, kila moja. Zinaonesha migongo, fulana na mishikaki. Kwenye moja, nyuma ya vicheko vyenu, zeze linasikika kwa mbali, kisha mtu anasema, "Ongeza chumvi."

Kwa kawaida kipindi hiki tunakifunga kwa wimbo wa marehemu. Wasikilizaji mmenipigia mkitaka ule wa mwisho. Haupo. Mzee amekwenda nao, na Bi Mwanne amesema hataurekodi. "Si wangu kuuimba peke yangu," ameniambia, "na wa kuitikia nimemzika."

Kwa niaba ya wote kituoni, pole Mama Anyesi. Pole Loisi. Pole Bi Mwanne, mtani uliyebaki bila wa kukutukana. Mungu amlaze Mzee Gideoni mahali pema.

Na nyie mnaoendelea leo kubishana nani alikuwa mkubwa kati yao, na naona mnaendelea, maana simu hapa studio haizimi, tulieni kidogo mtafakari. Mzee wa watu aliuliza swali moja tu. Jibu lake lilikuwa "tupo". Nyie mlikuwa nje.