Taya la Mzee Ndaki

Wasikilizaji wapendwa, leo tumkumbuke Mzee Ndaki Jilala, mchimbaji, aliyefariki Jumanne iliyopita hapa Ushirombo. Kifua kilimsumbua miaka mitatu. Vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, mnalijua wenyewe.

Mzee Ndaki alizaliwa Kishapu, kwa wafugaji. Uchimbaji aliuanza ukubwani, ukame ulipomaliza ng'ombe wao. Alikuwa mbishi, nakiri, na mimi Loveness nimebishana naye hapahapa studio.

Miaka minne iliyopita alitoa shimoni jiwe zito lenye umbo la kichwa. Akadhani lina dhahabu. Akalitia kwenye karasha lisagwe. Kipande kimoja kikaruka, kikaanguka miguuni pake. Lilikuwa taya la juu, na meno yake.

Mzee akayatazama kwa jicho la mfugaji. Magego ni ya mnyama anayecheua. Lakini mbele pana jino pia. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Mbuzi hana, kondoo hana. Akazima mashine, lakini kichwa kilikuwa kimeshakuwa unga. Dhahabu hakupata hata chembe.

"Baba alikaa chini akalia," anasema binti yake, Paskazia. "Akaniambia, 'Ng'wanone, mwanangu, nimesaga mnyama nisiyemjua.'"

Wenzake wakamwita Baba Taya. Yeye alilifunga kwenye kanga ya mkewe, na kila mgeni alioneshwa. Ukishamwamkia tu, anafungua: "Marahaba. Huyu unamjua?" Miaka minne aliuliza. Miaka minne, hakuna aliyemjua.

Mwaka huu Paskazia alituma picha kwa mtaalamu wa mifupa ya kale. Mzee tulimzika Alhamisi. Jibu limefika Ijumaa.

Ni jamaa wa kale wa ngamia, wasikilizaji. Jenasi yake nzima imetoweka, hajabaki hata mmoja duniani. Mtaalamu ameuliza pia: sehemu nyingine ya kichwa iko wapi?

Mjane wake, Mama Paskazia, alikwenda kaburini na lile jibu. "Nimemwambia ni jamaa wa ngamia," anasema. "Habari ya kichwa sijamwambia. Angelia tena."

Pole sana, Mama Paskazia. Pole, Paskazia. Imetuuma wote.

Na ninyi mnaonisikiliza mkiwa kwenye karasha asubuhi hii, kabla hamjatia jiwe, ligeuzeni kwanza, mlitazame. Mzee Ndaki alitazama kila jiwe kwa miaka minne, kwa sababu ya moja ambalo hakulitazama.