Alhamisi za Sista Kimekaa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali hii, Daktari Mkuu wa upasuaji, Sista wetu unayestaafu leo, Shemeji uliyekaa pembeni yake, ndugu wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa Alhamisi mliojipanga karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe: nawasalimu nyote.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeambiwa niseme kwa niaba ya wagonjwa, na nimeambiwa nisirefushe. La kwanza nitalitii, la pili tutaona.

Daktari Mkuu, nianze na wewe, maana ndiye uliyenipasua ukapunguza mfuko wangu wa chakula, na kazi yako sina lawama nayo. Magoti yaliyokuwa yakiniliza yalinyamaza, sukari ikashuka, nikapanda ngazi za kwangu bila kusimama katikati nikijifanya naangalia simu. Uliniambia pia kwamba operesheni ni ya siku moja lakini kuishi nayo ni kwa maisha, nami nikaitikia "ndiyo, daktari", kama tunavyoitikia wote tukiwa kitandani tunataka kwenda nyumbani.

Kuishi nayo ndiko kulikonishinda. Nikimeza kipande cha nyama bila kukitafuna sawasawa, kinarudi. Nikinywa maji pamoja na chakula, kinarudi. Nikionja kitu kitamu kwenye sherehe ya watu, moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, naanza kuulizia choo. Baadaye hata uji ukawa haukai, na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Na mimi nilifanya nini? Nilikaa kwenye cherehani nikapunguza magauni yangu! Wifi yangu akapiga vigelegele: "Wifi, umerudia usichana! Kaka yangu akae chonjo, tusije tukakuoza upya!" Wateja nao wakaniuliza siri yangu. Jamani, mtu anayesifiwa namna hiyo atafungua kinywa aseme kwamba anatapika? Nilivishwa kilemba cha ukoka, na mimi mwenyewe nikakikaza kwa pini.

Kisha cherehani ikaanza kunisumbua. Nikitaka iende polepole, inakimbia. Nikitaka iende, inasimama katikati ya mshono. Nikamwita fundi wa mashine, akaifungua, akatia mafuta, akasema haina tatizo. Nikamwambia hujui kazi, nikamwita mwingine. Naye akasema ni nzima. Nikaenda kushonea kwenye ya jirani yangu, nayo ikanifanyia vilevile. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza, sivyo? Mimi nilimwambia jirani kwamba na yake ni mbovu.

Cheka tu, Shemeji, nakuona.

Alhamisi moja nilikuja hapa kuchukua dawa, nikapita kwenye kile chumba kidogo cha mwisho wa korido, chenye viti vya plastiki na sinki, ambamo Sista alikutana na waliopasuliwa kila Alhamisi. Watu wote siku hizo walikuwa wananitazama kiuno. Sista alinitazama miguu. Akasema, "Fundi, kandambili yako ya kushoto iko wapi?" Nikainama, nikaona mguu mtupu. Ilikuwa imenivuka huko nyuma na sikuhisi. Akauliza, "Leo umekula nini, na kimekaa?" Nikamjibu, "Nimekula vizuri tu, Sista." Akasema, "Sijauliza vizuri. Kimekaa?" Nililia pale pale koridoni, nikasema hakikai, hakikai kabisa, wala sijui tangu lini.

Mguu ulikuwa umeingia ganzi. Chakula kisipokaa, vitamini nazo hazikai, na mishipa ya fahamu inaanza kufa. Sista alinishika mkono akanipeleka kwa Daktari saa ile ile. Nikaanzishiwa sindano, kisha ikaonekana njia yangu ya chakula imeziba, ikapanuliwa. Daktari aliniambia wazi kwamba ningechelewa zaidi huenda nisingetembea tena. Na cherehani zile zilikuwa nzima, yangu na ya jirani; ni mguu wangu uliokuwa hauihisi pedali.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa Alhamisi. Katika chumba kile ni mwiko kumwambia mtu "umependeza, umekonda". Unaulizwa umekula nini na kama kimekaa, basi, ndiyo maana tukampa Sista jina hilo la Kimekaa, na sasa amelijua. Humo dereva wa lori alitufundisha namna ya kula safarini bila kuaibika. Humo mama mmoja aliyenenepa tena, akaona haya kurudi, alipigiwa simu na Sista: "Njoo na uzito wako, hapa hatuna mzani wa aibu." Akaja, na leo yupo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sista alikuwa anakiwahi kifo kwa swali moja.

Sista, tunakupenda. Nenda kapumzike, umetuchoka na una haki.

Lakini Mheshimiwa Mkurugenzi, jana nilipita kwenye korido ile nikakuta kufuli jipya na karatasi kwenye mlango wa chumba chetu: STOO YA MASHUKA. Mashuka ni muhimu, sikatai. Ila sisi tuliopasuliwa hatukunjiki tukawekwa rafuni. Sikuombi Sista mwingine kama huyu, kwa sababu hayupo. Nakuomba chumba, sinki, na muuguzi mmoja wa kutuuliza na kutusikiliza. Viti tutaleta wenyewe.

Na siombi kwa ajili yangu. Asubuhi hii, hapo nje, dada mmoja alinivuta kando. Amepasuliwa juzijuzi. Nguo zinamwanguka, kwao wanamsifu, na hata maji hayakai. Nimempeleka kwa muuguzi wa zamu, ametundikiwa dripu, yuko wodini tunapozungumza. Nilipokuwa namwacha alinishika gauni, akaniuliza: "Dada, wakiniruhusu, Alhamisi nije wapi?"

Mimi, mwenye mdomo huu wote, nilimwambia tu asubiri nije kuuliza. Mheshimiwa, nikishuka hapa narudi kitandani kwake, na ataniuliza tena. Kipaza sauti hiki sikizimi, nakuachia wewe unipe la kumwambia.

Asanteni nyote kwa kunitegea sikio.