Picha ya Goti, Mgonjwa Akiwa Amesimama

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Muuguzi Mkuu, ndugu wafanyakazi wenzangu, wageni waalikwa, na wewe dada yetu unayestaafu leo baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha eksirei, ambaye sote tunakuita Mama Simama: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano. Muuguzi Mkuu ananijua, ndiyo maana ameketi hapa mbele na saa yake mkononi. Nitajitahidi.

Wageni wetu huenda hamjui jina hilo limetoka wapi. Goti lina upande wa ndani, ule unaogusana na goti la pili ukibana miguu. Huo ndio unaobeba mzigo mkubwa zaidi tunapotembea, na mara nyingi ndipo gegedu, lile tabaka laini linalozuia mifupa isisagane, huanza kulika. Eksirei haionyeshi gegedu. Inaonyesha mfupa wa juu, mfupa wa chini na nafasi iliyo katikati. Sasa niwaulize: mgonjwa akilala kitandani, goti lake limebeba nini? Halijabeba kitu. Nafasi inaonekana pana, na daktari mwenye haraka anasema goti ni zima. Ndiyo maana dada yetu humwambia kila mwenye goti linalouma, "Simama kidogo, tuone."

Miaka tisa iliyopita alikuja kwangu mama anayefua shuka za wodi zetu, akasema kila ngazi anayopanda goti linamchoma upande wa ndani. Mimi nilikuwa daktari mwenye haraka. Nikaagiza apigwe picha amelala, nikaitazama nusu dakika, nikasema halina kitu. Msimamizi wake alitaka jibu moja tu: anaumwa, au anatega? Nikaandika barua, kwa mkono wangu huu, kwamba mama huyu anakwepa kazi. Kwa barua ile, Ijumaa angeachishwa.

Jumatano dada yetu akaingia ofisini kwangu bila hodi, picha mkononi.

"Daktari, nimempiga tena. Amesimama."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna. Nilimwona anavyoshuka kitandani. Anayejisingizia hashuki vile."

Akaiweka picha kwenye taa. Upande wa nje nafasi ilikuwepo. Upande wa ndani mfupa ulikuwa umeukalia mfupa mwenzake, na mtu alikuwa akipanda ngazi na vikapu vya shuka juu ya goti hilo. Niliona aibu, ndugu zangu.

"Kaichukue barua yako kabla haijasomwa," akaniambia. "Mengine tutayamaliza wenyewe."

Niliikuta mezani kwa msimamizi, bado imefungwa. Mama akafanyiwa upasuaji, mguu ukanyooshwa ili mzigo uhamie upande wa nje, akarudi kazini. Uongozi wa wakati ule, ukidhani picha ya pili niliiagiza mimi, ukanipa cheti cha pongezi kwa umakini wangu. Nilikipokea nikitabasamu, na dada yetu alikuwa safu ya nyuma anapiga makofi pamoja na wengine. Kwa miaka tisa hajanikumbusha hata kwa utani, na nyote mnajua utani wake haumwachi mtu.

Kwa nini alinyamaza? Nilimuuliza juzi. Akasema, "Goti lilipona. Wewe ulitaka nini tena?"

Mheshimiwa Mkurugenzi, cheti hicho ninacho hapa mfukoni. Naomba kiandikwe upya, kwa jina lake.

Na wewe mama yangu uliyeketi karibu na mlango, kila tukikutana koridoni unanishika mikono yote miwili na kuniombea baraka kwa sababu nilikuamini. Sikukuamini. Nilikuita mtegaji, na nimekuacha unishukuru miaka yote hii kwa sababu ilikuwa tamu kusikia. Naomba unisamehe ukiweza. Aliyekuamini ni huyu hapa, na kesho hatakuwepo. Njoo umshike mikono.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Nimemaliza.