Popo wa Mama Hafsa Wapimwa DNA

Mimi si mtu wa kusikiliza maongezi ya watu kwenye basi. Navaa hedifoni zangu, nashughulika na yangu.

Tulipotoka Mkata kuelekea Korogwe, Mama Hafsa wa kiti cha mbele akamgeukia mzee Mhina, balozi wa mtaa wao. "Shikamoo, mzee. Popo wa darini kwangu hawahami. Wamepimwa DNA."

"Marahaba. Kwani nani kakataa mtoto?"

Mbavu zikaniuma kwa kuzuia kicheko.

"Kimepimwa kinyesi chao, mzee! Watafiti wamekuta wanakula nondo, wale wanaotuzalia viwavijeshi. Mlioniita mchawi, mahindi yenu yanalindwa na popo wangu!" Alitangaza hadi dereva akapiga honi.

"Amri yangu iko palepale. Ijumaa nawafukiza."

"Fukiza! Ukivuna mabua, usije kwangu kuomba unga."

Basi likasimama Korogwe. Mama Hafsa akanigeukia. "Kijana, wewe shahidi wangu. Umesikia?"

"Hapana, mama. Nilikuwa kwenye muziki."

Konda akanipa simu yangu. "Muziki upi, mwanangu? Hii ilikuwa kwa dereva inachaji tangu Mkata."