Kila Kaya na Jembe Lake

Landrova ya abiria kutoka kijiji cha Mamba, mlimani, ilishuka kuelekea mjini Same ikiyumba matopeni. Asteria, aliyekalia magunia ya tangawizi yake iliyoanza kuoza kwa kusubiri njia ipitike, aliwasikiliza abiria wawili wakibishana.

"Barabara hii tuliichimba wenyewe kwa msaragambo, kijiji kizima bila malipo, kila kaya na jembe lake," mzee alilalama.

"Sasa ni ya serikali, babu," kijana akajibu. "Lami inakuja. Tukichimba wenyewe, watasema hatuna shida."

"Na tangawizi nayo isubiri lami?"

Lami hiyo Asteria aliahidiwa akiwa mwari; sasa ana wajukuu.

Gari likasimama. Kifusi kilikuwa kimeziba njia yote. Dereva akauliza nani amebeba jembe. Katika gari zima la wakulima hakuna aliyebeba, na mzee akainama kutazama viatu vyake.