Mstari Ambao Fundi Redio Aliuacha Wazi

Mchungaji, wazee wa kanisa, shemeji yangu uliyefiwa na mume, watoto, wajukuu, majirani na nyote mlioacha kazi zenu leo Jumamosi kuja kutusindikiza, mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa kwa mama yetu, na haya ninayosoma nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo penye makosa mnivumilie, shule yangu iliishia darasa la tano, na haikuwa kosa la wazazi wala la walimu, nilitoroka mwenyewe. Marehemu alisema mbele ya mkewe na binti yake mkubwa kwamba historia yake nisome mimi na asisome mtu mwingine, sababu yake nitaifikia, naomba tu Mungu anipe sauti mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa barabara, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano, ambao sasa tumebaki wawili, mimi na dada yetu aliyeketi hapa mbele. Baba yetu alikuwa msimamizi wa genge la barabara, na mwaka 1954 alinunua redio kwa bosi wake aliyekuwa anahama, redio ya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, rangi ya kahawia iliyokolea, yenye mabega ya mviringo na vifundo viwili vya kuzungusha mbele, na ndani ilikuwa na vali tano, zile taa za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo sauti itoke, hata mama akawa anasema redio hii nayo ni mtu mzima, ukiiamsha inataka inawe uso kwanza ndipo iongee.

Marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la saruji, akamaliza darasa la saba Novemba 1965, akiwa wa tatu kati ya wanafunzi thelathini na wanane. Akiwa darasa la nne alifungua mgongo wa redio ya baba siku baba yuko kazini, akachora nyaya zote kwenye daftari la hesabu, akafunga, na baba hakujua lolote mpaka siku ya harusi ya marehemu, aliposimama mwenyewe mbele ya watu akaungama, baba akasema, "Kumbe ndiyo maana ilikuwa inanguruma!" na watu wakacheka sana. Kutoka kosa mpaka kuungama alichukua miaka kumi na minne, hesabu hiyo naomba muiweke akilini.

Kuanzia 1966 mpaka 1968 alisoma chuo cha ufundi, akapata cheti cha redio, na tarehe 1 Februari 1969 akaajiriwa katika karakana ya umeme ya hospitali, akatengeneza taa za chumba cha upasuaji, pasi za chumba cha kufulia na kengele za wodini kwa miaka tisa bila barua hata moja ya onyo. Mwezi Machi 1978 aliacha kazi hiyo akafungua duka lake, chumba kimoja chenye mlango wa buluu, kilichotazamana na mashine ya kusaga, na huko ndiko alikopewa jina la Fundi Kimya, kwa sababu redio sita zingeweza kulia kwa pamoja na yeye asiseme neno, mwenye mashine akawa anawatania wateja kwamba huyu anauza sauti na ya kwake ameisahau nyumbani.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu mmoja ambao wengi wenu mnaujua, kila redio aliyoitengeneza aliibandikia karatasi ndani ya mgongo, yenye mistari minne iliyoandikwa kwa penseli, Tarehe, Tatizo, Chanzo, Tiba, na hakumrudishia mteja redio kabla ya mistari yote minne kujaa. Mteja akilalamika kwamba anakawia, marehemu alimwambia, "Tatizo nimeshaliondoa, chanzo bado sijakijua, ukiichukua leo utanirudishia wiki ijayo." Waliokuwa na haraka walikwenda kwa mafundi wengine, na wengi wao walirudi.

Ndoa ilifungwa katika kanisa hili hili Jumamosi tarehe 10 Julai 1976. Shemeji, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amepeleka redio ndogo kwa marehemu, ambaye wakati huo alikuwa akitengeneza redio barazani kwetu baada ya saa za kazi, naye akaikawiza wiki tatu huku imeshapona, ili tu yeye aendelee kuja kuulizia, mpaka siku moja shemeji akamwambia mbele ya mama, "Kaka fundi, hebu niambie ukweli, redio ndiyo mbovu au ni wewe?" Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza ni huyu muuguzi, wa pili dereva wa malori, wa tatu Bwana alimchukua akiwa na miezi mitano mwaka 1984, na wa nne ni mwalimu, pamoja na wajukuu saba.

Baba alifariki tarehe 2 Novemba 1983, akaacha redio kwa marehemu, na mbele yetu sote akasema, "Hii ipe sauti mpaka na wewe ufike zamu yako." Kwa miaka minane ilikaa juu ya kabati la sebuleni ikisema kila asubuhi.

Sasa nimefika mahali penyewe. Mwaka 1991 marehemu alihama kwenda nyumba anayotokea leo, na mimi nilikuwa nikiishi kwake, nina miaka thelathini na mmoja, kazi yangu ilikuwa kuziba mabeseni na ndoo za plastiki zilizopasuka, kazi ambayo wengi mnaijua, unachoma kisu kwenye jiko, unakilaza juu ya ufa, plastiki inayeyuka inashikana. Siku ya Alhamisi tarehe 15 Agosti nilibaki peke yangu nyumbani kufunga vitu, nikaambiwa kila kitu funga ila redio usiiguse, ataifunga mwenyewe, nikaigusa, nilitaka kusikiliza mpira nikiwa nafunga vyombo, nikaivuta kwa upande mmoja bila kuchomoa waya, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kona ikakatika na ufa ukapita usoni kutoka kwenye kioo cha namba hadi kwenye spika.

Hapo ningeweza kunyamaza au kusema, na ndugu zangu sikufanya hata kimoja, nilikwenda nikachoma kisu. Niliona plastiki ni plastiki, nikakilaza kisu chini ya kasha nijaribu kwanza mahali pasipoonekana, lakini bakelaiti haiyeyuki kama beseni, iliungua, ikatoa harufu kali kama samaki aliyeungulia kwenye dawa ya hospitali, ikafanya malengelenge, ikapasuka zaidi mikononi mwangu, na nilipoacha kuhangaika ilikuwa vipande kumi na kimoja. Nikaizungushia blanketi, nikaifunga kamba, na marehemu aliporudi nikamwambia nimekusaidia, nimeshaifunga, akasema ahsante.

Vitu vilihamishwa Jumamosi tarehe 17 Agosti na mwenye mkokoteni ambaye wakati ule watu walimwita Taratibu, kwa sababu alivuta mzigo kama anayebeba mtoto aliyelala, na kila aliyekuwa na kabati la vioo alimtafuta yeye. Tulipofungua blanketi na vile vipande kumwagika, marehemu alichuchumaa akaanza kuviokota, shemeji ndiye aliyegeuka akamtazama Taratibu, naye akasema, "Jamani, mama, mimi hata yai sijawahi kulivunja," ndipo mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza kitu, nikasema, "Labda ni pale kwenye shimo la sokoni." Hayo ndiyo maneno yangu, ni machache, na yalimtosha. Habari ilitembea mtaani kwa sababu mimi mwenyewe niliitembeza, watoto wakaanza kumwita Mzee Shimo, wenye makabati wakamhama, na kwa miaka mingi mtu yule amebeba mchanga na kokoto, vitu ambavyo havivunjiki.

Marehemu alivifunga vipande ndani ya blanketi lile lile, akaviweka kwenye katoni chini ya meza ya kazi, na hakuvigusa kwa miaka kumi na saba, mpaka alipofunga duka tarehe 31 Desemba 2008 kwa sababu ya macho. Siku ya Jumatatu tarehe 12 Januari 2009 alitandika gazeti barazani akaanza. Panya walikuwa wamekula nyaya na kuzaa ndani ya spika, kapasita za karatasi, vile vifaa vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimetoa nta, vali moja ilikuwa imekufa, na shemeji alipoona ile takataka akasema, "Baba, hii tuizike tu," naye akamjibu, "Inapumua." Aliosha vipande vya kasha kwa maji ya vuguvugu na sabuni na mswaki laini, akavipanga kama mtu anayepanga vigae, akaviunga kimoja kimoja kwa gundi ya kuchanganya, kila kiungo akikifunga kwa mpira wa baiskeli na kukiacha siku mbili. Kwa ajili ya kona iliyopotea alisaga kipande cha kasha la redio nyingine iliyokufa, unga wake akauchanganya na gundi, akaufinyanga mahali pake, akausugua kwa msasa na maji, kuanzia msasa mkali mpaka ule laini kama karatasi ya kitabu cha nyimbo. Spika aliiziba kwa karatasi nyembamba, vali aliipata kwa mzee aliyewahi kuendesha mashine za sinema, na siku ya kuiwasha hakuichomeka moja kwa moja, aliipitishia umeme kwenye balbu kwanza, balbu ikiwaka sana ujue ndani kuna kosa, ikififia ujue ni salama, na ilififia. Hiyo ilikuwa Jumamosi tarehe 3 Septemba 2011, saa nne asubuhi, ikanyamaza dakika nzima, ikaongea.

Kasha lote aliling'arisha isipokuwa mahali pamoja, chini, penye alama ya moto yenye upana wa kidole gumba, na alipoulizwa na binti yake kwa nini amepaacha alisema, "Hapo si pangu kusugua." Kisu changu kilikuwa na pengo kwenye ncha, na pengo hilo linaonekana kwenye alama ile mpaka leo. Shemeji ameniambia juzi kwamba wiki ile ile ya Januari 2009, alipoosha kipande hicho, marehemu alivaa viatu akaenda kwa Taratibu, akamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yake, na Taratibu alipouliza, "Basi ni nani?" alijibiwa, "Atakuja mwenyewe." Nilialikwa kuisikiliza redio siku ile, marehemu akanigeuzia mgongo wa redio ukiwa wazi, nikaiona karatasi, Tarehe imejazwa, Tatizo limejazwa, Tiba imejaza mistari saba, na penye Chanzo hakuna kitu. Nikamsifia kazi nzuri, nikanywa chai, nikaondoka. Alinisubiri miaka kumi na mitatu na zaidi, hakuwahi kunikunjia uso, na siku zote alinipokea kwa jina lile lile alilonipa utotoni, Kitindamimba wangu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Juni 2022, akatibiwa akiwa nyumbani, na Jumapili tarehe 19 Januari mwaka huu akalazwa wodi namba sita. Naungama kwamba katika siku kumi na sita alizolazwa nilikwenda mara mbili tu. Mara ya pili alinishika mkono akasema, "Ile karatasi ya redio ya baba haijajaa, historia yangu utasoma wewe, na karatasi utaijaza wewe." Alifariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi kumi na siku ishirini na moja.

Leo saa moja asubuhi nimefungua mgongo wa redio kwa bisibisi yake, na kwa penseli yake nimeandika kwenye mstari wa tatu, Chanzo, mimi mdogo wake, niliiangusha na kuichoma tukiwa katika nyumba ya zamani, Alhamisi tarehe 15 Agosti 1991, haikuvunjikia kwenye mkokoteni. Kutoka kosa mpaka kuungama yeye alichukua miaka kumi na minne, mimi nimechukua thelathini na mitatu. Redio yenyewe ni ile juu ya meza karibu na jeneza, imeletwa asubuhi hii na Taratibu kwa mkokoteni, shemeji ndiye aliyemwomba, amepita nayo njia ile ile ya sokoni na imefika nzima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliokesha nasi, kwaya, mwenye mashine ya kusaga aliyefunga mashine siku tatu, na mafundi wenzake waliokuja na redio zao zimezimwa kwa heshima yake. Tunamshukuru Taratibu, ambaye niliandika kwanza jina lake kati ya majirani, nikalifuta, nikaliandika peke yake. Taratibu, kaa hapo hapo ulipo, usiinuke, ni mimi ninayetakiwa kuja, na nikimaliza karatasi hii nakuja mbele ya hawa wote. Na ninyi mliowahi kumwita Mzee Shimo, jina hilo nililitunga mimi, naomba mnirudishie.

Kaka, mstari wa tatu umejaa. Funga sasa mgongo wa redio, ukapumzike kwa amani.