Profesa Faidha Uwesu na Maji Yaliyopanda Newala

Tarehe 30 Juni 2025 Profesa Faidha Uwesu anakabidhi funguo za maabara ya nishati ya upepo, baada ya kuitumikia idara yetu kwa miaka thelathini na minne. Funguo ni saba. Wanaojua upi unafungua nini ni wawili tu, yeye na mimi, na mimi bado nabahatisha.

Alizaliwa Namkunda, kitongoji kilicho ukingoni mwa uwanda wa Makonde, nje kidogo ya Newala. Huko upepo haukosekani. Shida ni maji. Chemchemi iko bondeni, na akina mama walikuwa wakishuka alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Alipoajiriwa mwaka 1991 kuwa mhadhiri msaidizi, alishajua anachokitaka: upepo wa juu uyavute maji ya chini.

Mwaka 2007 alisimamisha pale Namkunda mtambo wa kwanza wa kuvuta maji kwa upepo. Miezi mitano baadaye panga moja lilikatika, mnara ukaanguka na kubomoa jiko la Mama Kulwa, ambaye kwa bahati alikuwa nje akianika mihogo.

Kwenye mkutano wa kitongoji nilikuwepo. Wenyeji, wanaomwita Mama Maryam kwa jina la binti yake wa kwanza, hawakumgombeza. Na hilo ndilo lililomuuma. Mwenyekiti, Mzee Sultani, akamuuliza, "Mama Maryam, tulikuamini kwa kuwa u mtoto wetu. Sasa tukuamini kwa lipi?"

Angeweza kukilaumu kiwanda kilichotengeneza mapanga. Badala yake alisimama na kusema, "Shikamoo baba. Kosa ni langu. Nilipima upepo unaopita juu, sikupima ule unaopanda kutoka bondeni. Nipeni muda nipime upya."

"Marahaba. Muda tutakupa," alijibu mzee.

"Jiko kwanza!" akadakia Mama Kulwa, na mkutano mzima ukaangua kicheko.

Jiko likawa la kwanza kweli. Profesa aliukanyaga udongo kwa miguu yake, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Kisha akapima kwa miaka mitatu, kila likizo. Sisi wenzake tulimshauri atafute utafiti mwepesi, maana cheo chake kilikuwa kinachelewa. Hakutusikiliza. Vipimo vilionyesha kwamba upepo wa bondeni ukifika ukingoni hujipinda na kuyapiga mapanga kutoka chini. Akausogeza mtambo nyuma mita mia mbili na kuurefusha mnara. Kazi ya kuuchomelea alimpa fundi Nikolao wa Mkomaindo, mjini Masasi, aliyekuwa hajawahi kuugusa mtambo wa upepo lakini alikuwa ameunda mabodi ya malori kwa miaka ishirini.

Septemba 2011 maji yalipanda. Bomba lilikohoa, likatema matope mekundu, halafu yakaja maji safi. Vigelegele vilisikika hadi barabara kuu. Mama Kulwa alikinga ndoo ya kwanza, akamwendea Profesa, akammwagia yote kichwani, gauni la sherehe na kila kitu. Profesa alilia na kucheka kwa pamoja.

Mtambo ule unazunguka hadi leo. Mingine tisa imefuata Newala na Masasi, mmoja wao Lupaso. Uprofesa kamili aliupata mwaka 2014, na wanafunzi kumi na wanne wamehitimu uzamivu chini yake. Wote wanayakumbuka maneno mawili ya wino mwekundu pembeni mwa tasnifu zao: "Ulienda kuona?"

Mwaka huu chuo kilimwomba abaki kwa mkataba. Alikataa kwa upole, kwa kuwa Dk. Yuliana Edmund, mwanafunzi wake tangu shahada ya kwanza, sasa ameiva. "Nikiendelea kukaa mlangoni," alituambia, "yeye atapita wapi?"

Profesa Faidha, asante kwa ukali wako na kwa kicheko chako. Ufike nyumbani salama, upumzike ukiwa na afya na furaha tele. Na simu zetu uzipokee, maana tutapiga.